Aliuma Bila Kuonya?

Kwenye geti la nyumbani kwetu Kihonda, Morogoro, kuna kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: MBWA MKALI. Baba alikiandika mwenyewe, na kwa miaka mingi kilikuwa kibao tu, kama yale maandishi ya "Leo hatukopeshi" ya dukani, ambayo wote tunayasoma na bado tunakopa. Julai mwaka jana, siku ya nne tangu nifike likizo, kibao kikawa kweli.

Mpwa wangu wa miaka sita, mtoto wa dada yangu, alikuwa anacheza mpira uani. Mpira ukabingirika hadi karibu na bakuli la Simba, na Simba alikuwa anakula. Mtoto akainama kuuchukua. Mimi nilikuwa nimekaa barazani na simu mkononi, hatua kumi hivi, na sauti ya kwanza niliyoisikia haikuwa ya mbwa, ilikuwa ya mtoto. Simba alimng'ata mkono wa kulia chini ya kiwiko, akaachia, akarudi kwenye ugali wake kama mtu aliyetoka kufukuza nzi.

Jioni ile kila aliyekuja kutupa pole aliambiwa sentensi moja: "Aliuma ghafla tu, hata kubweka hakubweka." Na mimi niliisema, tena mara nyingi. Makala hii naiandika kwa sababu sentensi ile haikuwa kweli, na mtu aliyepaswa kujua kwamba si kweli alikuwa mimi, mwanafunzi wa ualimu niliyemaliza mihula minne ya kusoma jinsi viumbe wanavyojifunza.

Kwanza mtoto

Nianze na mtoto, maana ukiisoma makala hii nusu ukaitwa kwenye kipindi, bora uondoke na hili.

Mama, ambaye hajawahi kukaa darasani kusoma saikolojia, alifanya jambo la maana kuliko sisi wote. Alimbeba mtoto hadi bombani, akafungua maji, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akaanza kuosha. Jirani mmoja akaja na kitunguu saumu kilichopondwa. Mwingine anasema tupake mafuta ya taa. Kuna aliyeshauri tumkate Simba manyoya, tuyachome, majivu tuyaweke kwenye kidonda. Mama hakumjibu mtu. Aliendelea kuosha na mtoto analia.

Ushauri wa wataalamu wa afya ndio huohuo: maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Virusi vya kichaa cha mbwa viko kwenye mate, na kuosha kunaviondoa na kuviua vingi kabla havijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Usipake kitu cha jikoni wala cha gereji. Ukimaliza, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo na hata kama mbwa ni wa nyumbani unayemjua tangu mdogo.

Tulichukua bajaji. Kituo cha kwanza chanjo haikuwepo. Cha pili ilikuwepo, mtoto akachomwa sindano ya kwanza saa mbili usiku na kupewa tarehe za kurudi. Dada aliziandika ukutani kwa kalamu ya risasi, juu ya kitanda, ili asiwepo wa kusema amesahau. Watu wengi wanakosea hapo: kidonda kikifunga wanaona yameisha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahi na ikikamilishwa, inakinga. Na katika kila watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani, kama 99 waliupata kwa mbwa, si kwa fisi wala popo.

Simba naye alikuwa auawe usiku uleule. Baba alishatoka kwenda kumtafuta mtu wa kumaliza kazi. Aliyemzuia ni daktari wa mifugo, kwa simu: "Mzee, msimuue. Mfungieni peke yake, mpeni chakula na maji, mtazameni siku 10." Sababu yake ni ya kitabibu, si huruma. Mbwa mwenye virusi kwenye mate siku aliyouma ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo: atabadilika tabia, atadondosha mate, atashindwa kumeza, miguu itapooza. Asipobadilika, hakumwambukiza mtu kwa kidonda kile. Ukimuua na kumfukia umefukia na jibu. Ila mtoto anaanza chanjo palepale, hasubiri siku 10 za mbwa.

Tukaitafuta kadi ya chanjo ya Simba. Ilikuwa kwenye droo ya kabati, chini ya risiti za umeme. Chanjo ya mwisho ilikuwa ya miaka mitatu nyuma.

Siku kumi kwenye kigoda

Mimi nikachukua daftari na kigoda, nikakaa mbele ya banda, mbali kidogo, asubuhi na jioni. Daktari alitaka tumwangalie kwa ajili ya dalili. Mimi, kwa kweli, nilitaka kujua nani kauma mtoto wetu, maana mbwa huyu nilimlea.

Siku ya kwanza niliandika mistari mitatu: anakula, analala, anabweka. Siku ya tatu nikawa naandika ukurasa. Mtu akipita njiani, kabla Simba hajatoa sauti, mwili wote unakakamaa, hata kupumua kama kunasimama. Anajilamba midomo na chakula hakuna. Anageuza kichwa pembeni lakini jicho linabaki kwa yule mtu, mpaka weupe wa jicho unaonekana kama mwezi mwandamo. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Mkia anautikisa, na hapa wengi tunapotea: mkia uliosimama juu, mgumu, unaotikisika haraka haraka, si furaha. Ni mbwa aliyechachamaa. Mkia wa furaha unalegea na kiuno kizima kinakwenda nao.

Hayo yote ni maneno. Mbwa ana ngazi yake ya kusema "niache". Anaanza kwa kugeuza uso, anakakamaa, ananguruma, anaonyesha meno, anang'ata hewa, na asiposikilizwa popote pale ndipo anang'ata nyama. Mbwa wengi wanapanda ngazi hiyo taratibu na sisi tunakuwa hatutazami.

Simba, kwenye daftari langu la siku 10, hakunguruma hata mara moja. Kubweka, ndiyo. Kukakamaa, ndiyo. Lakini ile ngurumo ya chini ya koo, inayomfanya hata mtoto mdogo arudi nyuma bila kufundishwa, haikuwepo. Ngazi yake ilikuwa imekatwa katikati.

Siku ya nne usiku nikakumbuka nani aliikata.

Simba alipokuwa na umri kama wa mwaka mmoja alianza kunguruma ukimsogelea akila. Baba alimchapa kwa mpini wa jembe. Mimi nilikuwa kidato cha tano, na nilikuwa nimesikia mahali kwamba mbwa lazima ajue nani bosi. Basi likizo ile nikawa na mchezo. Simba akiwa katikati ya chakula namnyang'anya bakuli, naliinua juu, nahesabu mpaka kumi, namrudishia. Akinguruma namchapa ndala ya pua. Nilifanya hivyo mbele ya marafiki zangu, nao wakacheka na kunisifia. Haikupita wiki tatu Simba akaacha kunguruma. Nikatangaza nyumba nzima kwamba nimemfundisha adabu.

Nilichomfundisha ni kunyamaza. Hofu ya kunyang'anywa chakula ilibaki vilevile, tena iliongezeka, kwa sababu sasa alikuwa na ushahidi kwamba mkono unaokuja kwenye bakuli ni mkono wa kunyang'anya. Kilichoondoka ni kengele. Miaka ilipita, mkono mwingine ukaja kwenye bakuli, mdogo, unafuata mpira. Simba akaruka ngazi zote alizowahi kuchapwa akizipanda, akaenda moja kwa moja kwenye ile iliyobaki.

B. F. Skinner, ambaye jina lake sote tunalikariri kwa ajili ya mtihani, hakuwa shabiki wa adhabu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba adhabu inazima tendo kwa muda bila kuondoa kinacholisababisha. Nilijibu swali hilo mwaka wa kwanza na nikapata alama nzuri tu, Simba akiwa nyumbani kimya.

Na hiyo habari ya bosi nayo ina historia yake. Dhana ya kiongozi anayewatisha wenzake ilitokana na kuwatazama mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila undugu. David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kilisaidia kuieneza, ndiye aliyekuja kuandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Mzazi hahitaji kumpindua mtoto mgongo chini ili aheshimiwe. Lakini kule mitaani habari ya bosi imeshaenea, na masahihisho hayajafika.

(Nitasema hili moja la darasani, halafu nirudi kwa mbwa, maana sisemi wanafunzi ni mbwa. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa kidato cha pili chenye kelele. Wiki ya kwanza niliwakaripia kila aliyefungua mdomo. Wiki ya pili darasa likawa kimya, mwalimu mlezi akanisifu, mimi nikafurahi. Jaribio la mwezi likaja kunionyesha walichokuwa wanakinyamazia.)

Kila mpita njia alikuwa mwalimu wake

Simba tulimchukua Dakawa akiwa na wiki tano, ndani ya boksi la sabuni. Sasa najua mambo mawili kuhusu boksi lile. Kwanza, mtoto wa mbwa anajifunza kupima nguvu ya meno kwa kucheza na ndugu zake: aking'ata sana, mwenzake analia na mchezo unaisha. Ukimtoa mapema, somo hilo halikamiliki. Pili, kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne hivi ndipo anapoamua kitu gani duniani ni cha kawaida. Watoto wanaokimbia, wanawake wenye ndoo kichwani, bodaboda, mzee mwenye fimbo. Asichokutana nacho kwa wema katika wiki hizo, baadaye anaweza kukiogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Sisi tulifanya kinyume, tena kwa makusudi. Tulitaka mlinzi, kwa hiyo tukakataza asizoeane na watu. Akafungwa mnyororo karibu na geti mchana, akafunguliwa usiku. Kaka yangu aliwahi kumchanganyia pilipili kwenye ugali ili awe mkali, imani ambayo nimeikuta pia kwa wenzangu hosteli wanaotoka mikoa mingine kabisa. Pilipili inamuumiza tumbo. Ukali uliopatikana, kama ulipatikana, ni wa kiumbe anayeumwa.

Sasa fikiria geti lile kwa macho ya Simba. Mwaka 1898 Edward Thorndike aliwafungia paka kwenye visanduku vyenye komeo, chakula kikiwa nje. Tendo lililomtoa paka nje lilirudiwa haraka zaidi kila jaribio, yasiyosaidia yakafifia. Simba alikuwa na kisanduku chake. Mtu anatokea njiani, Simba anaingiwa na wasiwasi, anabweka, mtu anaondoka. Bila shaka anaondoka, alikuwa anaenda zake sokoni! Lakini Simba hajui soko. Anachojua ni kwamba amebweka na tishio limekwisha. Mara mia kwa siku, miaka minne. Hiyo ndiyo inaitwa uimarishaji hasi, ambao nusu ya darasa letu tuliandika kwenye mtihani kwamba ni adhabu. Si adhabu. Kitu kinachokera kinaondolewa, na tendo lililokiondoa linapata nguvu. Wakazi wote wa mtaa wetu walikuwa walimu wa Simba bila malipo.

Siku ya sita daktari wa mifugo alikuja kumtazama. Alipoufungua mkanda wa shingoni, chini yake kulikuwa na kidonda cha duara, kibichi, ambacho mnyororo ulikuwa unakisugua kila Simba aliporukia geti. Hakuna aliyekuwa amekiona kwa sababu hakuna aliyekuwa anamgusa. Daktari akasema jambo ambalo naliweka hapa kama alivyolisema: mbwa akianza kuuma au akizidisha ukali, kabla hujatafuta mwalimu tafuta maumivu. Masikio, meno, viungo, ngozi. Kidonda kilitibiwa na mnyororo ukaondoka siku ileile.

Firigisi

Siku 10 zikaisha, Simba mzima. Baba akasema anampa muda mpaka chuo kifunguliwe. "Ukiondoka na yeye yuko hivihivi, nafanya nilichotaka kufanya." Dada akasema yeye mtoto wake haji pale. Wote walikuwa na haki.

Wapi nilipata njia? Kwa aibu naweza kusema ilikuwa inapita mbele ya macho yangu tangu utotoni. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Hawachapwi. Panya anaanza kwa kujifunza kwamba mlio mfupi, klik, maana yake chakula kinakuja. Baadaye mlio huo unatolewa pale tu anapofanya sawasawa. Mmoja aliyefunzwa Tanzania, Magawa, alikwenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Panya! Na sisi kilomita chache tu kutoka hapo tunafundisha mbwa kwa mpini wa jembe.

Sikuwa na kifaa cha klik. Nikachagua neno, "Safi!", fupi na la sauti ileile kila mara. Firigisi za kuku nikazichemsha bila chumvi, nikazikata vipande vidogo kama punje ya mahindi. Siku mbili za mwanzo sikudai chochote: nasema "Safi!", natupa kipande. Siku ya tatu nikisema tu neno, masikio yanakuja mbele. Hapo ni Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na mate, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, si kwa kengele kama tunavyopenda kujibu.

Baba alitazama akacheka kwa uchungu: "Chuoni mnafundishwa kuhonga?" Swali zuri, na nilishindwa kulijibu kwa siku mbili. Jibu nililompa mwishowe ni hili: hongo unaionyesha kabla ili mtu afanye, mshahara unakuja baada ya kazi, na mkono unakuwa mtupu mpaka hapo. Baba alifanya kazi ya mshahara maisha yake yote. Hakucheka tena, ingawa hakukubali.

Kazi ya kwanza haikuwa mafunzo, ilikuwa fundi. Banda likahamishwa nyuma ya nyumba ambako njia haionekani, tukalizungushia uzio wa mabanzi. Hatua hii watu wanaidharau kwa sababu haionekani kama elimu. Lakini kila mara mbwa anaporudia kosa analifanyia mazoezi, na huwezi kufundisha asubuhi kitu ambacho mchana kutwa kinafutwa getini.

Kisha wageni. Binamu yangu alisimama hatua ishirini, Simba yuko kwenye kamba, mimi nina firigisi. Simba akimwona tu: "Safi!", kipande. Binamu anajificha nyuma ya mwembe, firigisi zinakoma. Anatokea, zinarudi. Lengo si mbwa akae kama askari. Lengo ni moyo wake ubadilike, mgeni awe habari njema. Kipimo cha umbali ni mdomo wake mwenyewe: akikataa firigisi, au akiinyakua kwa pupa hadi anakugusa vidole, umemsogeza karibu mno. Rudi nyuma. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku.

Na bakuli. Hapa nilikuwa nalipa deni. Nilipita mbali na bakuli lake wakati anakula, nikatupa kipande cha firigisi karibu nalo, nikaendelea kutembea bila kusimama. Si kuchukua, kuongeza. Kila baada ya siku kadhaa, nusu hatua karibu zaidi, na pale tu ambapo mwili wake ulikuwa umelegea. Wiki ya nne akawa anainua kichwa nikipita na kuutikisa mkia, ule wa kulegea. Nilikwenda kukaa chooni nikalia kidogo.

Msidhani mambo yalikwenda hivyo moja kwa moja. Wiki ya tatu nilikuwa na haraka, tarehe ya kufungua chuo inanisogelea, nikamwomba shangazi aje mpaka hatua tano. Simba alimrukia, kamba ikanichubua kiganja, shangazi akaangusha mkoba. Hakuumia. "Mwanangu, mimi na huyu mbwa wako hatudaiani," akasema, akaenda zake. Kosa lilikuwa langu, na lilinigharimu siku nane za kurudi mpaka hatua ishirini. Toka siku ile, mgeni akiwepo Simba anavaa kifunika mdomo cha waya, cha aina inayomwacha aheme na kunywa maji, nacho tulikizoesha kwa firigisi vilevile. Usimfunge mbwa mdomo kwa kamba. Mbwa anajipoza kwa kuhema, na kwenye jua la Morogoro utamuua.

Kunguruma je? Nilikataza mtu yeyote ndani ya nyumba kumchapa Simba au kumkaripia kwa sauti yoyote anayoitoa. Akisema "niache", unaacha, halafu unakaa chini kufikiri amekerwa na nini. Mama alielewa haraka. Baba alinyamaza.

Kuna mbwa ambao haya hayatawatosha, na sitaki mtu amweke mtoto hatarini kwa sababu ya makala ya gazeti la wanafunzi. Simba aliuma mara moja akaachia. Mbwa anayeuma mara kwa mara, anayezamisha meno na kutikisa, anayemfuata mtu aliyeshakimbia, ndani ya nyumba yenye mtoto mdogo na isiyo na uzio, huyo ni wa kuzungumza na daktari wa mifugo ana kwa ana, na wakati mwingine mazungumzo hayo yanaishia kwenye sindano ya kumlaza. Nilikuwa tayari kwa hilo. Hata Simba wa leo, mtoto na yeye hawaachwi pamoja bila mtu mzima, hata kwa muda wa kwenda kujibu simu. Nilikuwa barazani, hatua kumi. Hatua kumi hazikutosha.

Oktoba nikarudi chuoni. Baba hakusema kitu kuhusu uamuzi wake, na mimi sikuuliza. Kila Jumapili Mama alinipigia, na katikati ya habari za kanisani anachomeka: amekula, amepigwa chanjo ile ya Septemba, amelala.

Desemba dada alikubali kuja na mtoto, kwa masharti. Kovu lilikuwa limebaki alama mbili ndogo. Mtoto alisimama nje ya uzio wa mabanzi, babu yake kushoto, mimi kulia, kopo la dagaa mkononi. Akarusha dagaa mmoja juu ya uzio. Simba akala. Akarusha wa pili. Wa tatu ulinasa kwenye ubanzi, na mtoto akasogea, akainama kuusukuma kwa kidole.

Simba akakakamaa. Kisha, chini kabisa kooni, akanguruma.

Mkono wa Baba ulipanda mpaka usawa wa bega. Nikauona umesimama hapo. Ukashuka.

"Rudi nyuma kidogo, babu," akamwambia mjukuu wake. "Amesema hataki."

Mtoto akarudi hatua mbili, akachagua dagaa mkubwa zaidi kwenye kopo, akamrusha.